Mteja wetu ananiita nikafanye kazi kwake Dodoma. Niache kampuni ya matangazo?

Shikamoo dada,

Nina miaka 39. Nimefanya kazi kwenye kampuni ya matangazo Dar es Salaam kwa miaka 14. Nilianza na kuandika matangazo ya redio ya sekunde 30, na sasa nasimamia kitengo cha ubunifu chenye watu saba. Sijawahi kufanya kazi nyingine yoyote. Nikiamka usiku na wazo nalinong'oneza kwenye simu ili lisinipotee, na mpaka leo nikisikia tangazo langu kwenye daladala moyo unanidunda.

Mke wangu ni mtumishi wa serikali. Wizara yake ilipohamia Dodoma naye alihama, mwaka 2019, pamoja na watoto wetu wawili. Mdogo alikuwa hajafikisha mwaka. Wanakaa Ilazo. Mimi nilibaki Dar, nina chumba na sebule Sinza. Enzi za basi nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi, nafika hoi, nalala, nageuza. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 naenda karibu kila wiki. Napanda Ijumaa jioni, narudi Jumapili au Jumatatu alfajiri. Nauli ni shilingi 31,000 kwenda na 31,000 kurudi, kwa mwezi wa wiki nne ni 248,000. Hiyo hela siilalamikii. Kilichonichoma ni kingine. Mwezi uliopita mwalimu wa watoto kanisani alimuuliza yule mdogo, "Baba yako anakaa wapi?" Akajibu, "Kwenye treni." Mke wangu alinisimulia huku anacheka, na mimi nikacheka. Usiku ule sikupata usingizi.

Sasa limetokea jambo. Mmoja wa wateja wetu ni kampuni ya mikopo yenye makao makuu Dodoma. Wanakopesha watumishi, mama lishe, vijana wa bodaboda na wauza nafaka. Nimewafanyia kampeni tatu na zote zilikwenda vizuri. Wiki iliyopita mkurugenzi wao aliniita pembeni baada ya kikao, akasema wanatafuta meneja wa masoko na mawasiliano na wangependa niwe mimi. Mshahara unaupita wangu kwa laki tatu na nusu, kuna bima ya afya ya familia nzima, na kazi inaisha saa kumi na moja jioni. Wamenipa wiki tatu niwajibu.

Dada, nina hofu. Nimewaona wenzangu waliotoka kwenye matangazo wakaenda kuajiriwa upande wa wateja. Kuna mmoja alikuwa moto, tulikuwa tunamwogopa kwenye kila shindano la kugombea mteja. Leo nikikutana naye anaongelea kalenda, fulana na ukumbi wa mkutano wa mwaka. Naogopa kuota kutu. Na nikishindwa, nikataka kurudi nikiwa na miaka 42, nani atanipokea wakati vijana wa miaka 25 wanafanya kila kitu kwa simu?

Hofu ya pili ni bosi wangu. Mama huyu alinichukua sijui hata kushika kalamu. Mwaka mama yangu mzazi alipougua alinipa mshahara wa miezi miwili kabla ya wakati bila kuniandikisha popote. Kumwacha ni jambo moja. Kuondoka kwenda kwa mteja wake ni jambo jingine kabisa. Bado sijamwambia, na kila asubuhi tunaposalimiana naona aibu.

Nilipomweleza mke wangu nilidhani atafurahi. Akaniambia, "Njoo kama unaitaka hiyo kazi. Usije kwa ajili yetu halafu ukaja kutununia."

Nifanye nini?

Baba wa Jumamosi
Dar es Salaam na Dodoma

*

Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari za kila wiki.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote nimekwama kwenye maneno ya mke wako. Ameona kitu ambacho wewe bado. Umeniandikia habari za treni, nauli, bima ya afya, saa ya kutoka kazini na jibu la mtoto kanisani. Habari ya kazi yenyewe, hiyo utakayoamkia kila siku, umeiandikia nusu mstari: meneja wa masoko na mawasiliano. Hujasema utafanya nini, chini ya nani, kwa bajeti gani. Hujasema hata kama unaipenda biashara yao.

Yaani umeshaamua kuhama Dodoma, na unatafuta kazi itakayokuruhusu. Hilo si kosa. Baba anayetaka kula chakula cha jioni na wanawe Jumanne hana haja ya kumwomba mtu radhi. Lakini kuhamia Dodoma na kuacha kazi ya matangazo ni maamuzi mawili, na wewe umeyafunga kwenye furushi moja kwa sababu yamekuja kwa wakati mmoja. Yafungue. Je, umewahi kumuuliza bosi wako kama unaweza kufanyia kazi Dodoma? Wizara ziko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, taasisi nyingi zimehamia huku, na kampuni nyingi za matangazo bado zinapanda treni kuja kuwasilisha mawazo halafu zinarudi Dar jioni. Mtu wa kampuni yenu anayekaa Ilazo ana thamani. Huenda bosi atakataa. Huenda atakubali halafu ugundue kila kikao kikubwa bado kinafanyika Dar na wewe uko palepale kwenye treni. Muulize hata hivyo, kwa sababu ukishalijibu hilo, hii kazi ya mikopo utaiangalia kwa macho yake yenyewe.

Sasa nikuambie ninachokijua, maana nami nilipita njia hiyo.

Niliandika matangazo Dar kwa miaka 11, kisha nikiwa na miaka 36 nikaja Dodoma kufanya kazi kwenye kampuni ya mbegu. Mwezi wangu wa pili nilitengeneza tangazo la redio nililolipenda kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Mvua ya kwanza inadondoka kwenye bati, tone, tone, kisha inashuka yote, na mama anamwita mwanawe alete jembe. Nilimpelekea mkuu wa ghala alisikilize. Nilifanya hivyo kwa heshima tu, nilidhani hana la kusema. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akauliza, "Hii namba ya simu ya mwishoni, nani atapokea?"

Miaka 11 nilikuwa naweka namba za simu mwishoni mwa matangazo. Mteja anakuletea namba, unahesabu tarakimu kumi, unamaliza. Sijawahi kujiuliza inalia wapi. Nikaenda kuitafuta. Ilikuwa inalia mapokezi, ofisi ya Dar, kwa binti mwenye adabu zake ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha tofauti ya mbegu ya muda mfupi na ya muda mrefu. Nikasema nitalishughulikia, sikulishughulikia. Tangazo likarushwa mwishoni mwa Novemba. Unajua huku kwetu mvua ni msimu mmoja, ukiukosa umeukosa mwaka. Wakulima wa Kongwa na Mpwapwa wakaenda madukani wakaambiwa mbegu haijafika. Malori yalikuwa yamechelewa, jambo ambalo idara ya usambazaji ililijua na mimi sikulijua kwa kuwa sikuuliza.

Nikaomba ile namba ihamishiwe kwangu. Ililia wiki tatu. Mzee mmoja wa Kibaigwa alinipigia mara nne. Mara tatu za kwanza aligomba. Mara ya nne akaongea taratibu. "Mama, wewe ndiye uliyesema kwenye redio kwamba mbegu ipo?" Nikamwambia ndiyo, maneno yale niliyaandika mimi. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi niambie, nipande nini?"

Siku ile ndipo nilipojua kwamba nimebadilisha kazi. Mpaka hapo nilidhani nimebadilisha ofisi tu.

Kwenye kampuni ya matangazo, wazo ndilo linalouzwa. Wewe na watu wako saba ndio biashara; mkilala, hakuna hela inayoingia. Ndiyo maana mnadekezwa, mnasikilizwa, mnaruhusiwa kuja saa nne asubuhi mkiwa mmekesha. Kwenye kampuni ya mikopo, biashara ni mikopo. Idara yako itaingia kwenye vitabu upande wa matumizi. Mhasibu atakuuliza kwa nini bango la barabara ya Dar linalipiwa miezi sita, na hatakuwa anakuonea, ni kazi yake. Mwanasheria atakufutia neno zuri kuliko yote kwenye sentensi. Kijarida ambacho Dar mlikimaliza kwa siku mbili kitapita mezani kwa watu wanane, na wa nane atataka rangi ibadilishwe. Wengi waliotoka kwetu wanaumia hapo. Wanasubiri kupigiwa makofi, na makofi hayaji.

Hivyo usiangalie cheo. Angalia utawajibika kwa nani, na nani anasaini. Ukiwa chini ya mkurugenzi mtendaji na unakaa kwenye kikao kinachopanga bidhaa na masharti yake, unayo kazi. Ukiwa chini ya meneja utawala, unaletewa bidhaa ikiwa imeshakamilika ili uitafutie maneno, basi yule rafiki yako wa kalenda na fulana ndiye wewe wa kesho, na kosa halitakuwa lake wala lako. Muulize mkurugenzi swali moja bila kuzunguka: ni lini mara ya mwisho mtu wa masoko alisema jambo hapa na kampuni ikabadilisha uamuzi wake? Akikupa mfano, msikilize kwa makini. Akikosa mfano, umejibiwa.

Kuna jingine zito zaidi, na wewe hukuligusa. Hawa ni watu wa mikopo. Unajua mitaani mikopo mibaya inaitwaje. Watu wanasema kausha damu, na hawasemi kwa mzaha; kuna mama lishe waliochukuliwa majiko na vijana waliopokonywa pikipiki. Sisemi kampuni hii iko hivyo. Kuna wakopeshaji wa haki, nawafahamu watu waliojenga kwa mikopo midogo. Ninachosema ni kwamba wewe hujui. Umewafanyia kampeni tatu, na kila ulichokijua kuhusu mkopo wao kilitoka kwenye brifu, yale maelezo ya kazi anayokupa mteja, waliyoiandika wenyewe. Ukiwa kampuni ya matangazo hilo linavumilika, una wateja kumi na wawili, huwezi kukaa kwenye kaunta ya kila mmoja. Ukihamia kwao, mama wa Majengo akikuta makato yanazidi alivyosikia kwenye tangazo, hilo litakuwa tangazo lako na kampuni yako, na utamkuta sokoni Jumamosi unanunua nyanya na watoto. Dodoma ni jiji tangu 2018, lakini watu bado wanakutana.

Hakikisha wana leseni ya Benki Kuu, maana sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 inaitaka. Omba mkataba wanaompa mkopaji, uusome wote, usome hasa ukurasa wa ada na adhabu ya kuchelewa. Uliza wanawatumiaje watu ujumbe wa simu, namba wanazipata wapi, na mkopaji akichelewa kama wanawapigia ndugu zake. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya simu ya mtu si kitu cha kuokota na kutumia unavyotaka, na atakayeambiwa "tuma ujumbe kwa wote" utakuwa wewe. Ukiona jibu lolote kati ya haya linakukwaza leo, ukiwa bado huru, litakukwaza mara kumi ukiwa na mkopo wa nyumba kupitia mshahara wao.

Kuhusu kutu, sitakudanganya. Sehemu fulani itaota. Kasi itapungua. Ile hali ya kuwa na watu saba wanaokurushia wazo nawe unalirudisha limekuwa kali zaidi, utaikosa mpaka itakuuma. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa naongea na redio ya gari. Lakini kuna vitu miaka yangu 11 ya Dar haikunipa hata kimoja. Nilianza kuona kazi yangu ikikua miaka mitatu mfululizo badala ya kuikabidhi na kuondoka. Nilijifunza kusoma hesabu za kampuni. Nilijua tangazo gani lilijaza maduka na lipi lilinifurahisha mimi peke yangu. Lile la mvua kwenye bati, baada ya mwaka mmoja, tulilirusha tena bila kubadilisha neno, mbegu ikiwa tayari iko madukani tangu Oktoba. Yule mkuu wa ghala ndiye aliyenipigia simu kuniambia mifuko imekwisha.

Kurudi kunawezekana, ila kwa mlango mwingine. Hakuna atakayekurudishia kiti cha kuandika, hicho ni kweli cha vijana. Watakutaka kama mtu anayejua mteja anawaza nini saa nane usiku, na watu hao ni wachache. Ila ukitaka mlango huo ubaki wazi, usiache kuandika. Utakuwa na bajeti ya kuita kampuni za matangazo, na kishawishi kitakuwa kuagiza kila kitu. Jiwekee kazi mbili tatu kwa mwaka unazoandika kwa mkono wako mwanzo hadi mwisho. Na brifu utakazowapa wenzetu ziandike vizuri, kwa huruma. Wewe unajua ilivyo kupokea brifu ya mistari miwili Ijumaa saa kumi jioni.

Sasa bosi wako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu nakupenda na kwa sababu muda unakwenda.

Umesema unaona aibu mnaposalimiana. Aibu hiyo inakuambia kweli. Hivi sasa unakaa kwenye vikao ambako kampuni yenu inapanga itamtoza nini mteja huyu, huku mteja huyohuyo anapanga atakulipa nini wewe. Hata ukiwa mwadilifu kiasi gani, hilo haliwezi kukaa sawa. Usisubiri wiki tatu ziishe. Kabla ya kumwona, soma mkataba wako wa kazi, na kama unaweza, ujue mkataba wa kampuni yenu na mteja unasemaje. Mikataba mingi ya kampuni za matangazo ina kifungu kinachomzuia mteja kuchukua wafanyakazi, mara nyingi kwa mwaka mmoja, bila ridhaa. Kama kipo, mwambie mkurugenzi wa mikopo kwamba yeye ndiye mwenye wajibu wa kumwandikia bosi wako kuomba ridhaa hiyo. Akikuambia "hilo tutalimaliza kimyakimya", nawe umeonyeshwa jinsi wanavyofanya mambo yao.

Kisha nenda kwa mama huyo. Nenda kwa miguu yako, mlango ukiwa umefungwa, kabla hujasaini popote na kabla hujaamua. Usimwandikie barua pepe, usimwambie kwenye lifti, usimtume mtu. Mwambie: "Bosi, mteja fulani ameniita kazini kwake. Sikumwomba. Sijajibu. Wanangu wako Dodoma na nimechoka kuwa mgeni wao. Nimeona nisikae na jambo hili huku nakutazama usoni." Halafu nyamaza. Anaweza kukasirika. Mwache akasirike, ana haki, habari inamgusa mtu wake na mteja wake kwa siku moja. Usijitetee kwa kuorodhesha mikesha uliyokesha. Muombe akutoe kwenye kazi zote za mteja huyo kuanzia siku hiyo. Mtu aliyekupa mshahara wa miezi miwili mama yako akiwa kitandani hawezi kushindwa kuelewa habari ya watoto, mradi umpe nafasi ya kuisikia kutoka kwako. Akiisikia kwa mteja, hapo ndipo utakuwa umempoteza.

Ukiondoka, usibebe chochote. Orodha za wateja, bei za vituo vya redio, mafaili ya kazi ambazo hazijatoka, vyote viache. Kazi ulizozifanya kwa mshahara ni mali ya kampuni. Muombe ruhusa ya maandishi kuonyesha kama sampuli zile zilizokwisha kurushwa, atakupa.

Ya mkataba mpya nitayapitia haraka, lakini usiyadharau. Sheria ya ajira ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako unaweza kutaka zaidi, uufuate. Siku za likizo zilizokwisha kukomaa ambazo hujazichukua, dai zilipwe, na uchukue cheti cha utumishi. Yale malipo ya siku saba kwa kila mwaka wa kazi usiyahesabu, ni ya aliyeachishwa na mwajiri, wewe unaondoka mwenyewe. Halafu nenda NSSF uchukue taarifa ya michango yako yote. Miaka 14 ni miezi 168, na pensheni inadai angalau miezi 180. Kama kuna miezi ambayo haikupelekwa, ni rahisi zaidi kuidai ukiwa bado ndani kuliko ukishaaga.

Kwa mwajiri mpya, kumbuka kwamba kabla ya kutimiza miezi sita kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu. Kwa hiyo ile hela ya nauli unayoiokoa, miezi sita ya kwanza iweke pembeni. Hakikisha mkataba unaandika kwamba umeajiriwa ukitokea Dar es Salaam. Siku ajira ikikoma, sheria inamtaka mwajiri akusafirishe wewe na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa, au akulipe gharama yake, na watu wengi hulikosa hili kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana. Na hiyo saa kumi na moja jioni usiiamini mpaka umeiona. Mameneja hawahesabiwi saa kama wengine. Mpigie mtu aliyewahi kushika nafasi hiyo, umuulize alikuwa anafika nyumbani saa ngapi mwezi wa kufunga hesabu. Kama hajawahi kuwepo mtu kwenye nafasi hiyo, uliza kwa nini sasa.

Narudi kwa mke wako, maana naona umemsoma vibaya kidogo. Ulidhani atafurahi, akakujibu vile, ukaandika kama vile amekuumiza. Fikiria alipo. Tangu 2019 ameendesha nyumba peke yake. Anajua siku ya maji ya mgao, anajua fundi yupi wa Ilazo ni mwongo, anajua mtoto yupi hali mlenda. Amejenga utaratibu ambao wewe unaukuta umeshapikwa kila Ijumaa usiku. Sasa unakuja na uchovu wako wa miaka 14 na kazi ambayo huenda huitaki, na anajua nani atakayekuwa anapokea hasira yako saa kumi na mbili jioni. Maneno yake hayakukufungia mlango. Anakuomba uingie ukiwa mzima. Kaa naye, bila watoto, muulize angependa siku ya kawaida ya Jumatano iweje ukiwa hapo. Usimwahidi chochote siku hiyo, msikilize tu.

Ukiniuliza mimi naegemea wapi, naegemea uje. Umri wako ni mzuri kwa badiliko hili. Una ujuzi wa kutosha kuheshimiwa na una miaka ya kutosha kujifunza upya. Lakini naegemea uje kwa kampuni hii ikiwa tu utatoka tawini kwao ukiwa bado unaweza kuwatetea.

Ndiyo, tawini. Jumatatu ijayo usipande treni ya alfajiri, chukua siku moja ya likizo. Nenda tawi lao lolote hapa mjini, uwe mtu wa kawaida, ukae kwenye benchi kuanzia wanapofungua. Usijitambulishe. Sikiliza ofisa anavyomweleza mkopaji makato, kama anamsomea ule ukurasa wa adhabu au anamwonyesha tu pa kuweka dole gumba. Tazama watu wanavyotoka. Kisha toka nje, simama kivulini, upige ile namba ya simu uliyoiweka mwishoni mwa tangazo lako la mwisho kwao.

Niandikie, uniambie nani amepokea.